Kozi za Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, na baadaye ya kidato cha nne, benchi lililo nje ya ofisi yetu ya usajili hujaa. Wanakaa wazazi waliotoka mbali na basi la alfajiri, vijana walioinamisha vichwa, na akina dada wenye watoto mgongoni. Karibu wote wamebeba swali moja lenye sura nyingi: hapa mnafundisha nini, na mimi nitaingia wapi? Mimi ni mkufunzi wa useremala katika mojawapo ya vyuo hivi, na zamu za usajili zimenionyesha kwamba yapo maswali ambayo watu huuliza kwa sauti, na yapo mengine huyanong'ona mlangoni wakiwa wanaondoka. Nimeyajibu yote hapa, hasa yale ya mlangoni.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi ni chuo cha namna gani?

Ni chuo cha serikali ya Tanzania kinachopokea vijana na watu wazima na kuwafundisha ufundi, kilimo, ufugaji, ujasiriamali na maarifa ya maisha, bila kudai kwanza kwamba uwe umeng'ara shuleni. Wengi hukiita FDC, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Folk Development College.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na shule za wananchi za Sweden, ambazo nazo zilitokana na wazo lililoanzia Denmark katika karne ya 19: kwamba mkulima naye, akiwa mtu mzima mwenye jembe lake, anastahili kukaa shuleni. Sweden ikasaidia kuvijenga. Nchi ilikuwa kwenye kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima. Watu wengi walikuwa wamejua kusoma na kuandika, na sasa ikabidi wapate pa kuendelea.

Siku zile mwanafunzi alichaguliwa na kijiji chake. Alikuja akajifunza uashi au ufugaji wa kuku, kisha akarudi kwao kujenga. Hapakuwa na cheti cha kutafutia ajira mjini, maana lengo lilikuwa arudi. Mambo yamebadilika tangu hapo, lakini roho ile bado ipo, na ndiyo inayonifanya nikipende chuo hiki.

Leo vyuo ni 54, vyote Tanzania Bara, chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kipo Kisarawe na kipo Ikwiriri kwa watu wa Pwani. Bigwa na Ifakara mkoani Morogoro. Newala na Masasi kule kusini. Nandembo wilayani Tunduru. Sikonge na Urambo mkoani Tabora. Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Sengerema, Tarime, Same, Handeni, Njombe na kwingineko. Arnautoglu kipo Dar es Salaam penyewe, Mnazi Mmoja. Lakini vingi vipo mbali na miji mikubwa, na viliwekwa huko makusudi.

Kwani si ndicho kile chuo cha maendeleo ya jamii?

Hapana, na kosa hili limewapotezea watu nauli. Chuo cha maendeleo ya jamii, mfano Tengeru, Buhare au Rungemba, huandaa maofisa maendeleo ya jamii, wale unaowaona wakifanya kazi kwenye kata na halmashauri. Huko unasoma astashahada, stashahada, na Tengeru hata shahada. Chuo cha maendeleo ya *wananchi* kinamfundisha mwananchi mwenyewe kazi ya mikono. Soma neno la mwisho kwenye fomu kabla hujapanda basi.

Na VETA je? Tofauti iko wapi?

VETA ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia na kutoa mafunzo ya ufundi stadi, na ina vyuo vyake yenyewe. FDC si chuo cha VETA. Hata hivyo kozi nyingi za ufundi tunazofundisha zinafuata mitaala ileile ya ufundi stadi, na wanafunzi wetu wa kozi ndefu hufanya mtihani uleule wa taifa. Fundi umeme aliyetoka FDC na aliyetoka VETA, wote wakiwa ngazi ya pili, wana tuzo moja, yaani cheti kilekile cha taifa.

Tofauti kubwa ni kwamba sisi hatujafungwa kwenye ufundi peke yake. Chuo kimoja kinaweza kuwa na karakana ya magari, zizi la ng'ombe, darasa la sekondari la waliokatisha masomo na chekechea ya watoto wao, vyote ndani ya uzio mmoja.

Haya, mnafundisha kozi zipi?

Kabla ya yote: hakuna chuo kinachofundisha kila kitu. Orodha hutegemea karakana zilizopo, wakufunzi waliopo na shughuli za watu wa eneo lile. Kwa hiyo yaliyo hapa chini yachukue kama picha ya vyuo kwa ujumla, kisha uliza chuo cha kwenu kina yapi.

*Uashi.* Unaanza na kusoma ramani, kupima kiwanja kwa kamba na kuchimba msingi. Unafuata kupanga tofali kwa timazi na pima maji, kusuka nondo, kumwaga linta na ringi, kupiga lipu, kuweka vigae. Mwanafunzi anajifunza pia kwa nini zege hunyweshwa maji siku kadhaa baada ya kumwagwa. Huku mitaani wengi huliacha likauke na jua, kisha nyufa zikitokea wanailaumu saruji.

*Useremala na uungaji mbao.* Hapa niruhusu nikae kidogo, ndipo ninapofundisha. Miezi ya kwanza hatugusi mashine. Mwanafunzi anajifunza kunoa patasi na randa, kupima kwa kona mraba, kukata ulimi na tundu kwa mkono mpaka viungane bila msumari. Anajifunza kuitambua mbao kwa rangi, harufu na uzito: mninga, mkongo, mvule, msonobari. Anajifunza kwamba mbao mbichi itapinda hata ukiipigilia misumari kumi, na mlango utakaokwama masika umeharibikia kwenye ukaushaji. Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye mashine, milango, madirisha, vitanda, makabati na kenchi za paa. Wengi hunilalamikia mwanzoni kwamba ninawachelewesha. Mwaka wa pili wananielewa.

*Umeme wa majumbani.* Wayaringi, ubao wa saketi breka, erthi, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu. Vyuo vingine vimeongeza umeme wa jua. Jambo moja wazazi hawalijui: kuhitimu ni hatua ya kwanza tu. Ili ufanye kazi ya kufunga umeme kwa jina lako kihalali, unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu wako.

*Uchomeleaji na uundaji wa vyuma.* Mageti, magrili, majiko, matrela ya kukokotwa, samani za shule. *Ufundi magari*, na katika vyuo vingine pikipiki, kozi ambayo thamani yake imepanda tangu bodaboda zienee hadi vijijini. *Ufundi bomba*, ambao vijana huukimbia bila sababu ya maana, ilhali kila nyumba mpya inahitaji maji yaingie na maji machafu yatoke.

*Ushonaji na ubunifu wa mavazi.* Kupima mwili, kuchora patani kwenye karatasi kabla ya kugusa kitambaa, kukata, kushona kwa cherehani ya miguu na ya umeme, kutumia ovaloki. Vyuo vingi huunganisha na batiki na kutia rangi vitambaa. Mshonaji anayejua sare za shule hukesha kazini kuanzia Desemba hadi Januari.

*Kilimo na mifugo.* Kozi hii ndiyo ya zamani kuliko zote kwetu, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Baba ananiambia, "Mwalimu, mwanangu hawezi kuja kusomea jembe, jembe lipo nyumbani." Namwomba atembee nami hadi kwenye kitalu. Anaona miche iliyopandwa kwa nafasi, mboji iliyogeuzwa kwa ratiba, kumbukumbu za maziwa ya kila ng'ombe ubaoni. Mwanafunzi anajifunza kutoa chanjo ya mdondo kwa tone la jicho na kuirudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Mtu aliyepoteza kuku arobaini kwa wiki moja, akaja kujua kwamba wangeokolewa na kichupa kidogo cha chanjo, harudii tena kuliita somo hilo jembe.

Zipo pia upishi na huduma za hoteli, kompyuta na uhazili, urembo na ususi, malezi na elimu ya watoto wadogo, udereva katika baadhi ya vyuo. Kwa kozi zote hizi kuna masomo yanayosindikiza: hesabu za ufundi, Kiingereza, stadi za maisha na ujasiriamali. Usiyadharau. Fundi asiyejua kukadiria gharama hupata kazi nyingi na kubaki bila hela.

Kozi ndefu na kozi fupi zinatofautianaje?

Kozi ndefu ya ufundi huenda kwa ngazi, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kila ngazi. Wanafunzi wetu wengi hukaa miaka miwili na kumaliza ngazi ya pili. Ndani ya muda huo kuna wiki za mafunzo kazini, ambapo unapelekwa kwenye karakana, hoteli au eneo la ujenzi halisi.

Kozi fupi ni ya siku chache, wiki au miezi kadhaa, yenye jambo moja: kutengeneza sabuni ya maji, kupiga batiki, kufuga nyuki kwa mizinga ya kisasa, kusindika matunda, kutumia kompyuta. Mwishoni unapewa cheti cha chuo cha kushiriki, na si tuzo ya taifa. Kwa mama mwenye genge anayetaka kuongeza bidhaa moja, wiki mbili zinamtosha. Kwa kijana anayetaka kuitwa fundi umeme, miezi mitatu haitoshi, na nisingependa alale kwenye nyumba aliyoifungia umeme mwenyewe.

Kuna aina ya tatu ambayo watu hawaiulizii kwa sababu hawajui ipo: kozi za nje ya chuo. Kikundi kikijikusanya kijijini, kikaandika barua, chuo kinaweza kumtuma mkufunzi awafuate. Zungumzeni na mtendaji wa kijiji, kisha mje na idadi yenu.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ameishia darasa la saba na hakufaulu. Mtampokea?

Marahaba. Tutampokea. Kozi nyingi za ngazi ya kwanza hutaka mtu aliyemaliza elimu ya msingi na anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa kozi chache, kama kompyuta, uhazili na baadhi ya zile za hoteli, vyuo vingi hutaka kidato cha nne.

Kama kusoma kwenyewe ni kwa shida, sema mapema. Hakuna aibu. Mwanafunzi anayeficha hukwama kwenye hesabu za vipimo, kisha huacha chuo kimyakimya mwezi wa tatu. Anayesema, tunamtafutia saa za jioni. Kwangu mimi mtoto aliyeambiwa kwa miaka saba kwamba hana akili, akaja akakata kiungo cha kwanza kikakaa sawasawa, ndiye sababu ya kuendelea na kazi hii.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule. Sasa nina mtoto. Kuna nafasi yangu?

Hili ndilo swali la mlangoni. Jibu ni ndiyo, na uje na mtoto wako.

FDC zinaendesha programu inayoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ushirikiano na shirika la Karibu Tanzania. Imewekwa kwa ajili ya wasichana na wanawake vijana waliokatisha sekondari kwa sababu ya mimba, umaskini au matatizo ya nyumbani. Unasoma sekondari kwa njia ya haraka, kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka miwili badala ya minne, na pamoja na hayo unajifunza ufundi na ujasiriamali. Katika vyuo vingi kuna kituo cha kulea watoto, wewe ukiwa darasani mtoto wako anacheza na kujifunza na wenzake hatua chache kutoka ulipo.

Mitihani ni ileile ya Baraza la Mitihani. Unafanya mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, kisha wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti chako hakitaandikwa popote kwamba ulipata mimba.

Tangu Novemba 2021 serikali pia imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye shule za kawaida. Kwa hiyo una njia mbili. Walio na umri mdogo na wenye mtu wa kulea nyumbani, wengine hupendelea kurudi shuleni. Walio na mtoto mchanga na wanaotaka ufundi mkononi hutufuata sisi. Njoo tuzungumze, ulete nawe mtu unayemwamini kama unaogopa kuja peke yako.

Binti yangu anataka ufundi magari. Si bora achukue ushonaji?

Mama, mwache achukue magari. Ushonaji ni kazi nzuri kwa anayeupenda, wa kike au wa kiume. Lakini ukimlazimisha, utalipia ada ya miaka miwili na cherehani itabaki pembeni ya chumba imefunikwa kitambaa. Wasichana wapo kwenye karakana zetu za umeme, magari, uashi na uchomeleaji. Kinachowakwamisha si nguvu za mikono. Wengi huvunjwa moyo na maneno ya watu wakati wa mafunzo kazini, kwa hiyo muulize mkufunzi binti atapelekwa wapi na atakuwa chini ya usimamizi wa nani. Una haki ya kuuliza.

Cheti chenu kinatambulika? Kinamfikisha mtu wapi?

Aliyemaliza kozi ndefu na kufaulu mtihani hupata tuzo ya taifa ya ufundi stadi, yenye ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Inatambulika nchi nzima. Hakikisha tu kwamba chuo, *pamoja na kozi yenyewe unayoitaka*, vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi moja ikawa bado, kwa hiyo uliza vyote viwili.

Ngazi ya tatu, ikiambatana na cheti cha kidato cha nne chenye sifa zinazotakiwa, inaweza kukufungulia mlango wa kuanza masomo ya fundi sanifu, na kutoka hapo stashahada na kuendelea. Kwa hiyo anayeanza na ngazi ya kwanza baada ya darasa la saba hajafungiwa njia. Ni ndefu, lakini ipo. Ninachowashauri wanaotaka kupanda ni wasome sekondari ya jioni sambamba na ufundi, kwa sababu wengi hukwama hapo: mikono inajua, karatasi ya kidato cha nne haipo.

Mimi ni fundi tayari, nilijifunza gereji kwa mjomba. Lazima nianze upya?

Si lazima. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao VETA imekuwa ikiuendesha kwa ushirikiano na Ofisi ya Waziri Mkuu. Unapimwa kazini, unaonyeshwa palipopungua, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, kisha unapata cheti. Ulizia ofisi ya VETA ya mkoa wako au chuo kilicho karibu wakati dirisha likifunguliwa.

Nilikaa na mafundi wa namna hii katika mafunzo ya kuziba pengo. Walinizidi kasi kwa mbali. Walichokosa ni kusoma mchoro, kuandika makadirio ya bei na kujikinga: walikuwa wakikata mbao bila miwani na kupaka vanishi katika chumba kisicho na dirisha.

Kozi gani inalipa zaidi?

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili, na hakuna linalojibiwa vibaya kama hili. Watu hutaja kozi kama bei za sokoni: umeme juu, kilimo chini. Mimi nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kujaza fomu. Tembea mtaani au kijijini kwenu siku nzima, uhesabu. Nyumba ngapi zinajengwa? Nguzo za umeme zimefika? Pikipiki zikiharibika zinapelekwa wapi, na fundi huyo ana foleni? Milango inaletwa kutoka wapi? Nani anashona sare za shule mbili zilizo jirani? Maziwa yanatoka kwa nani?

Kijana mmoja alitaka umeme kwa sababu rafiki zake wote walikuwa huko. Kwao mafundi umeme walikuwa tayari wengi, ila mabomba yalikuwa yameingia karibuni na kila aliyetaka kuvuta maji alisubiri fundi kutoka mjini. Alipomaliza kuhesabu alibadilisha fomu mwenyewe, akachukua ufundi bomba. Sikumshauri neno.

Na pamoja na kuhesabu kazi, jiulize utakubali kufanya nini siku ambayo hakuna anayekuangalia. Uashi ni jua na saruji inayokula ngozi ya vidole. Upishi ni kuamka kabla ya wote. Ufugaji hauna Jumapili. Anayeipenda kazi huvumilia siku zake mbaya, na kwenye ufundi siku mbaya hazikosekani.

Gharama zikoje?

Ada kwa vyuo vya serikali hupangwa na serikali, na wa bweni hulipa zaidi ya wa kutwa. Kiasi cha mwaka husika kimeandikwa kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga, pamoja na namba ya malipo ya serikali. Usilipe kwa mkono wa mtu, hata awe amevaa kitambulisho.

Kinachowashtua wazazi si ada. Ni vile vinavyofuata: ovaroli na buti, vifaa vya mkononi vya fani yake, mchango wa malighafi, ada ya mtihani wa taifa, na nauli na chakula wakati wa mafunzo kazini, kipindi ambacho mwanafunzi mara nyingi hayupo bweni. Wekeni fungu la hilo mapema. Nimeona wanafunzi wazuri wakirudi nyumbani wiki mbili tu kwa sababu kodi ya chumba karibu na karakana haikupatikana, na wiki hizo ndizo zilizohesabiwa kwenye alama.

Kuhusu vifaa: nunueni vichache vilivyo imara, msinunue boksi zima la bei rahisi. Kwa useremala, patasi mbili nzuri, nyundo, futi na msumeno mmoja ni mwanzo mzuri.

Akimaliza atapata wapi mtaji?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa kawaida huenda kwa vikundi, na kikundi hakisajiliwi siku moja. Ndiyo maana tunawahimiza wanafunzi wa mwaka wa pili waanze kujuana kazi wakiwa bado chuoni: mwashi, seremala, fundi umeme na fundi bomba kutoka kata moja ni kikundi tayari cha kujenga nyumba. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza.

Nina ulemavu. Nitaweza?

Niambie ulemavu wako na kazi unayoitaka, tutafute njia. Wasiosikia husoma ushonaji na useremala vizuri sana panapokuwa na mkalimani au wenzao waliojifunza alama chache. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji meza iliyoshushwa na mlango uliopanuliwa. Si vyuo vyote vimekamilika kwa hilo, na ni haki yako kuja kukagua njia, vyoo na mabweni kabla ya kujisajili.

Nina miaka 46. Si nitachekwa?

Vyuo hivi viliwekwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo. Ukikaa na vijana wiki mbili watakuita mama au baba, na wiki ya tatu wataanza kukuletea matatizo yao. Njoo.

Naishi Zanzibar, au niko Kenya. Je?

Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Unguja na Pemba, kwa hiyo anzia huko. Kenya, jamaa wa karibu wa vyuo hivi ni vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti. Ulizia ofisi ya kaunti yako.

Najiungaje?

Nenda chuoni ukachukue fomu, au uliza ofisi ya kata au ya halmashauri chuo cha karibu kiko wapi. Beba cheti cha kuzaliwa kama unacho, cheti cha shule uliyoishia, picha ndogo za pasipoti na namba ya simu ya mzazi au mlezi. Ukikosa kimoja usikae nyumbani. Njoo na ulivyonavyo tukuambie kinachopungua kinapatikanaje.

Na usije Jumamosi wakati karakana zimefungwa. Njoo siku ya kazi, asubuhi, misumeno ikiwa inalia na cherehani zinakwenda. Omba upitishwe kila karakana, simama kwenye ile unayoifikiria, zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili mkufunzi akiwa hayupo. Mwombe akuonyeshe kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Kisha ndipo ujaze fomu.